Jina la Kumi na Nne

Ubao wa matangazo wa kijiji cha Kwemvule ulikuwa mzuri kuliko ofisi yenyewe. Ofisi ilikuwa na nyufa mbili ukutani na mlango uliokataa kufungwa kila mvua ikinyesha, lakini ubao ulikuwa wa mninga, umepigwa randa hadi unang'aa, na juu yake una kipaa cha bati ili karatasi zisilowe. Ikram, afisa maendeleo ya jamii, aliupenda tangu siku ya kwanza aliyoripoti kazini. Hakuwahi kuuliza umetengenezwa na nani. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na la pili lilitoka tumboni mwa hilo.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, miezi mitano kazini, na ile ari ya mtu ambaye bado hajakatishwa tamaa na mtu yeyote. Zilikuja nafasi ishirini za mafunzo ya ufundi kwa vijana wasio na kazi, na barua iliyozileta ilitaka majina, tena ilitaka uwazi. Ikram akawapa wenyeviti wa vitongoji siku tatu. Majina ishirini na sita yalipofika akayapanga kwenye kompyuta, akayachapa kwa herufi kubwa, juu akaandika VIJANA WASIO NA KAZI, na mbele ya kila jina akaweka umri na kazi. Kwenye safu ya kazi, kuanzia juu hadi chini, lilikuwa neno moja tu: hana, hana, hana. Siku ya gulio akapanda juu ya kiti na kipaza sauti, akayasoma yote, asije mtu akasema mengine yamepenyezwa kwa mlango wa uani. Kisha akaibandika orodha ubaoni kwa pini nne na muhuri wa ofisi chini yake.

Wa kumi na nne alikuwa Faraji Sadala. Umri: thelathini. Kazi: hana.

Faraji hakuomba kuandikwa. Mwenyekiti wa kitongoji chake ndiye aliyelipeleka jina, kwa nia njema kabisa, maana aliona kijana mwenye mikono kama ile akipata na cheti atafika mbali. Ikram naye alikuwa na nia njema. Na hakuna kinachoumiza watu kama nia njema mbili zikikutana juu ya karatasi bila kumuuliza mwenye jina.

Mjini mtu anaweza kusema hana kazi akiwa amevaa shati la pasi, na watu wakamwonea huruma, wakamwambia Mungu atafungua mlango. Kwemvule mambo si hayo. Mwenye miguu miwili na jembe hana kazi vipi? Asiye na kazi ni yule anayeamka jua limefika utosini akauliza chakula kiko wapi. Kumwandika mtu hivyo ni kumtukana, na kumwandika ubaoni ni kumtukana kwa muhuri.

Tena ilikuwa wiki mbaya kuliko zote. Faraji alikuwa amepeleka posa Mkumbara. Alimwona Maryamu huko mwaka uliopita, alipokwenda kuezeka madrasa, na tangu hapo akili yake ikawa inabaki kwenye barabara ya Moshi inayopita huko hata mwili ukirudi nyumbani. Barua ya posa ilifungwa kwenye leso nyeupe kama desturi inavyotaka, ikapelekwa na mshenga. Baba yake Maryamu alishafariki. Mwenye kauli ni baba yake mkubwa, Mzee Sharifu, mtu wa kupima mambo mara mbili. Hakujibu haraka. Alifunga safari mwenyewe hadi Kwemvule kuulizia huyu kijana ni mtu gani, na kwa kuwa ni mtu wa heshima akaona aanzie serikalini. Alifika Jumatatu mapema mno. Ofisi ilikuwa haijafunguliwa. Basi akasimama mbele ya ubao, akavaa miwani, akasoma ili muda upite.

Jumanne leso ikarudi, fundo lilelile, barua ndani.

*

Jumatano asubuhi mama yake Faraji, Bi Chausiku, aliingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa amejitanda kanga, mdomo ameubana.

"Shikamoo, mama," alisema Ikram.

Bi Chausiku hakuitikia. Alivuta benchi, akakaa, akaiacha ile shikamoo ikining'inia. Ikram, binti wa Kiislamu aliyelelewa Mkata, aliijua maana yake. Mwanamke wa Kizigua wa umri ule hakatai salamu ya mtoto hivi hivi. Hukataa moyo ukiwa umejeruhiwa tu.

"Nimekuja kukuuliza, mwanangu. Hicho choo cha ofisi unachokwenda kila siku, kachimba nani?"

"Sijui, mama."

"Kachimba Faraji. Na hili benchi ninalolikalia?"

Ikram alilitazama benchi.

"Faraji. Pampu ya kisima ikikoroma anaitwa nani? Mtu akifa, anayepima kaburi ni nani? Na huo ubao wako ulikomtandaza mwanangu kama ngozi ya mbuzi, karanda nani zile mbao? Eti? Mbao kazitoa kwake, misumari kanunua kwa hela yake, kwa sababu aliona matangazo ya serikali yanalowa, akaona aibu." Alivuta pumzi. "Basi niambie wewe uliyesoma. Mwanangu hana kazi, au hana mshahara?"

Kwenye chuo alichosoma Ikram swali hilo halikuwahi kuulizwa.

"Jana leso ya posa imerudi, maana mzee wa Mkumbara kaisoma karatasi yako. Jumapili anaondoka," Bi Chausiku aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Anakwenda kupanda basi la Dar. Anasema huko hata wakimwandika ukutani hakuna anayemjua. Nina mtoto mmoja, dada. Baba yake alishatangulia. Nina huyo mmoja."

Akainuka, akatoka. Ikram alikwenda moja kwa moja kwenye ubao akaing'oa ile karatasi. Pini ziliacha matundu manne kwenye mninga. Adhuhuri akaenda kwa Faraji, akamkuta uani anafunga vifaa vyake kwenye gunia: msumeno, patasi, timazi. Randa tu ilikuwa imewekwa kando, peke yake. Ikram alimwomba radhi. Faraji alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Hakuna neno, dada. Umeandika ulivyoambiwa." Akaendelea kufunga gunia. Ni bora angemtukana. Matusi yangekuwa na mwisho.

*

Alhamisi Ikram alikuwa Korogwe, kwa mtu pekee aliyeona anaweza kumwambia ukweli wote. Huyu alikuwa Mama Hosiana, Msambaa mstaafu wa ustawi wa jamii, mwembamba, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. Ikram alipokuwa mwanafunzi alipelekwa kwake miezi miwili ajifunze kazi kwa vitendo, na nusu ya Korogwe bado inamwita Mama Ustawi. Alikuwa barazani anapukuchua maharage. Alimsikiliza Ikram bila kusimamisha vidole, ila alipofika kwenye leso iliyorudi, vidole vilisimama.

"Nifuate," alisema.

Chumbani alifungua sanduku la bati. Ndani yake mlijaa madaftari yenye magamba yaliyopauka, ya miaka zaidi ya thelathini ya kwenda nyumba kwa nyumba. Akayatoa moja moja kama mtu anayetoa nguo za watoto waliokwisha kukua.

"Hili la sabini na tisa. Tuliwaita wasio na shughuli. Hili la themanini na tatu, miaka ya Nguvu Kazi. Mtu akikutwa mjini hana kitambulisho cha kazi anapakiwa lori anarudishwa kijijini, na mimi nawapokea hapa, wengine hata kwao hawakumbuki. Hili la mashamba ya mkonge, waliopunguzwa. Haya ya mwisho, wasio na ajira. Kila wakubwa wakibadilika na jina linabadilika. Mtu ni yuleyule, mwanangu. Amesimama mlangoni kwake anajiuliza amekosa nini."

Daftari moja alibaki nalo mkononi. Hakulifungua.

"Humu mna mtu anaitwa Semboja. Alikuwa mkata mkonge, shamba gani sikuambii, lilishakufa. Walipunguza watu wengi kwa siku moja, mwaka wa themanini na sita. Nilikuwa kijana kama wewe, nina baiskeli na daftari jipya, najiona nimeshushwa na malaika. Nikapita kambini nyumba kwa nyumba. Kwa Semboja nikamkuta mkewe na watoto watano uani, wanakula mihogo. Nikawasalimu vizuri. Nikasema, nimekuja kumwona baba, nimesikia amepunguzwa kazi tangu mwezi wa tatu. Na siku hiyo tulikuwa mwezi wa sita."

Ikram alishaanza kuelewa, akatamani asielewe.

"Mkewe akaniambia, mume wangu yuko kazini, katoka alfajiri na kisu chake. Miezi mitatu, Ikram! Miezi mitatu yule baba alikuwa anaamka alfajiri, anabeba kisu cha mkonge, anakwenda kuhangaika na vibarua vya mkaa na kupalilia kwa watu, ili jioni arudi kama mtu anayetoka kazini, watoto wampokee kisu. Mimi nikafika na baiskeli yangu nikamvua nguo mbele ya watoto wake. Jioni akarudi, akaambiwa Mama Ustawi alikuja. Alfajiri akatoka na kisu. Hakurudi tena."

"Hukumtafuta?"

"Nilimtafuta miaka. Mmoja anasema yuko Kilosa, mwingine anasema amefariki. Siri ya mtungi aijuaye kata." Akalirudisha daftari sandukuni, akalifunika kwa mengine. "Tangu siku hiyo sijamuuliza mtu kama ana kazi. Namuuliza, tangu asubuhi umefanya nini? Basi. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniambia hakufanya kitu. Hapo ndipo mahali pa kumshika mtu mkono. Na nyumbani kwa mtu siingii na daftari. Namsubiri njiani, nambebea mzigo kidogo, tunaongea."

Ikram alikuwa analia, na hakujificha.

"Nifanye nini, mama?"

"Machozi futa, yatatusaidia baadaye. Karatasi umeing'oa kimyakimya, si ndiyo? Na radhi umeomba uani. Mtu ukimvua nguo sokoni, usimvishe chumbani. Jumamosi ni gulio. Utapanda kwenye kiti kilekile na kipaza sauti kilekile. Lakini kwanza kesho tunakwenda Mkumbara."

"Tunakwenda?"

"Unadhani huyo mzee atakusikiliza wewe, mtoto wa juzi? Mimi ni Msambaa mwenzake. Ataona aibu kunifukuza."

*

Walifika Mkumbara Ijumaa baada ya swala. Mzee Sharifu alikuwa kwenye banda lake kando ya barabara kuu, amezungukwa na vitunguu, anatenga vilivyokomaa na vilivyoota. Aliwapa viti, akaagiza maji ya kunywa. Yeye na Mama Hosiana wakasalimiana kwa Kishambaa, salamu ndefu iliyopita kwa watoto, wajukuu, mvua na mahindi, na Ikram akakaa akisubiri kama mtu aliye foleni ya kung'olewa jino.

Zamu yake ilipofika hakujitetea. Alieleza jinsi alivyokusanya majina na jinsi alivyoyasoma, akasema pia kwamba Faraji hakuwahi kuulizwa hata neno moja.

Mzee Sharifu alimtazama juu ya miwani. "Binti, maneno ya mtaani mimi nayapima. Nikisikia kijana fulani mvivu, nauliza, kasema nani, na ana ugomvi gani naye. Lakini serikali ikiandika ikapiga na muhuri, mimi ni nani nibishane nayo? Maryamu ni mtoto wa mdogo wangu, Mungu amrehemu. Nikimtia shimoni, siku nikikutana na ndugu yangu nitamjibu nini?"

"Haikuandika serikali, mzee. Niliandika mimi, na sikuuliza."

Mzee aliinamia vitunguu vyake. Akachukua kitunguu, akakigeuzageuza, akakiweka. Hapo Mama Hosiana akaanza kusema, kwa Kiswahili ili Ikram asikie, habari za Semboja na kisu chake. Hakuficha kitu wala hakujionea huruma. Magari yalipita, vumbi likatua juu ya vitunguu, naye akasimulia mpaka mwisho.

Alipomaliza, Mzee Sharifu alikuwa ameacha kutenga vitunguu.

"Baba yangu alikuwa mkata mkonge," alisema. "Siye huyo wako. Wangu alifia mikononi mwangu, hapa hapa. Lakini naye alipunguzwa, na naye alitoka na kisu kila alfajiri. Mwaka mzima."

"Na nyinyi hamkujua," alisema Mama Hosiana.

"Tulijua wiki ya kwanza."

Mama Hosiana akainua kichwa.

"Mkonge una utomvu, mama, unaujua. Unawasha, unaganda kwenye nguo, mama yetu alikuwa akifua za baba mikono inavimba. Siku nguo ziliporudi hazina utomvu, tukajua. Kisu nacho kikavu. Mama akatuita jikoni, mimi ndiye mkubwa, nina miaka kumi na mmoja. Akasema, baba yenu akirudi mpokeeni kisu, mwambieni pole na kazi. Tukamwambia. Kila jioni tunakimbilia njiani: 'Pole na kazi, baba!' Naye anajibu, 'Nimeshapoa, wanangu.' Mpaka anaingia kaburini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tulijua."

Mama Hosiana alishika pindo la kitenge chake, akalikunja, akalikunjua.

"Basi huenda na wale watano..." alisema.

"Watoto wanajua, mama," alisema Mzee Sharifu, na sasa alisema kwa upole kabisa. "Sikudanganyi, ulikosea, jambo lile halikuwa la kusemwa na mgeni. Lakini usidhani walimpenda baba yao kwa sababu ya mshahara wa mkonge, na wewe ukaja ukauondoa upendo wao. Huo hukuwa na uwezo nao."

Mama Hosiana alilia hapo hapo katikati ya vitunguu, mwanamke wa miaka sitini na tisa, alilia kilio ambacho miaka ile yote alikuwa akikiahirisha kwa sababu daima kulikuwa na nyumba nyingine ya kutembelea. Hakuna aliyemnyamazisha. Ikram alimshika mkono, na Mzee Sharifu akageuka upande kidogo, kumstahi.

Walipoaga, mzee hakusema ndiyo wala hapana. "Nimesikia," alisema. "Nendeni salama." Akawafungia vitunguu, kila mmoja fungu lake.

"Ndiyo nini sasa?" aliuliza Ikram njiani.

"Kwetu ukifungiwa vitunguu hujafukuzwa," alisema Mama Hosiana, akifuta macho na kucheka pamoja. "Lakini usianze kupika pilau."

*

Jumamosi gulio lilijaa. Mahindi yalikuwa yameanza kushuka bei, na watu walikuwa wametoka hadi Kwedizinga na mbuzi, kuku, mihogo na ndoo za plastiki. Mama Hosiana miguu ilikataa safari nyingine. Ikram alikuwa peke yake. Alipanda kwenye kiti, akawasha kipaza sauti, akasema, "Ndugu wananchi." Kipaza sauti kikakwaruza mara moja kikafa.

Watu wakacheka. "Leo na chenyewe hakina kazi!" akapiga kelele muuza mitumba, na kicheko kikazidi. Ikram alikibonyeza, akakipigapiga, akakitikisa. Hakuna kitu. Alitaka ardhi ipasuke. Angeweza kushuka na kusema itakuwa Jumamosi ijayo, lakini Jumamosi ijayo Faraji angekuwa Dar.

Faraji mwenyewe alikuwa pale pale gulioni. Alikuwa amesimama kwa wauza vyuma, mkononi ana ile randa, anatafuta wa kuinunua apate nauli. Alisikia kile kicheko. Akatazama kiti, akamtazama yule dada juu ya kiti, akatazama kipaza sauti. Kuna watu wakiona kitu kimeharibika mikono yao haiwezi kukaa kimya, hata kama kitu chenyewe ni kile kilichowaumbua. Aliiweka randa chini, akapenya katikati ya watu.

"Lete," alisema.

Akachuchumaa, akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kile kifaa juu ya goti. Waya mmoja ulikuwa umekatika kwenye betri. Akaumenya kwa meno.

"Ulikuwa unataka kuwaambia nini?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nataka kukuomba radhi," alisema Ikram. "Wasikie wote."

Mikono ya Faraji ilisimama. Kwa muda ikabaki hivyo, waya kwenye kidole, na Ikram akadhani atakitupa chini kile kifaa aende zake.

"Basi ngoja niukaze vizuri," alisema Faraji, na sauti yake haikuwa ile ya uani. Akausokota waya mara ya pili, akafunga skrubu zote nne. "Jaribu."

Sauti ikatoka, ikafika mpaka kwa wauza mbuzi. Ikram alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, lakini karatasi zilishamtosha. Akaikunja.

"Jumamosi iliyopita nilisimama hapa nikawasomea majina. Jina la kumi na nne niliwaambia hana kazi. Nilipotoka hapa nikaenda kukaa kwenye benchi alilolitengeneza yeye, na ile karatasi nikaibandika kwenye ubao alioutengeneza yeye. Na kipaza sauti hiki mnachonisikia nacho, mmemwona aliyekitengeneza sasa hivi. Faraji, mimi ndiye sikuijua kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa ni kuuliza. Nisamehe. Na wale wengine ishirini na watano nisameheni. Nitakuja kwa kila mmoja, sitaleta daftari."

Kisha mwanamke mmoja akasema kwa nguvu, "Na mlango wa zahanati, ni yeye!" Mwingine upande wa kuku akadakia, "Na paa langu!" "Na jeneza la baba!" Yakawa mengi, yanapandana, hata yule muuza mitumba akakiri meza yake ni ya Faraji, na hajawahi kumshukuru. Faraji alisimama katikati na bisibisi yake kama mtu aliyemwagiwa maji, hajui atazame wapi.

Hapo ndipo Ikram alipomwona mzee mmoja mwenye kanzu na miwani akisogea kutoka upande wa wauza vitunguu. Hakuwa na haraka. Watu wa Kwemvule hawakumjua, lakini walimpisha. Bi Chausiku alimjua kutoka kwa maelezo ya mshenga, akajishika kifuani.

Mzee Sharifu alisimama mbele ya Faraji. Akaitazama mikono yake, ile grisi, ile bisibisi, ile alama ya waya kwenye mdomo.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema.

Faraji hakujua habari za kisu kikavu wala za watoto waliokimbilia njiani kila jioni. Alijua tu kwamba salamu hiyo haipewi mtu asiye na kazi, na kwamba imetolewa mbele ya gulio zima. Akaifuta mikono kwenye suruali.

"Nimeshapoa, baba."

"Ile leso," alisema Mzee Sharifu, akigeuka, "mmeitupa?"

"Haijatupwa," alisema Bi Chausiku. Akafungua fundo la pindo la kanga yake, na ndani mlikuwa na leso nyeupe, nayo ina fundo lake, na barua yake. Tangu Jumanne alikuwa akitembea nayo. Akampa mzee kwa mikono miwili, na mzee akaipokea kwa miwili.

Kisha Bi Chausiku akaokota randa ya mwanawe pale ilipokuwa imeachwa chini, akaipangusa vumbi, akaikumbatia. Alipopita karibu na kiti ambacho Ikram alikuwa bado amesimama juu yake, kipaza sauti kikiwa kimewaka, alisimama.

"Marahaba," alisema. "Sasa shuka hapo, mwanangu, utaanguka."